Naombeni ushauri: nitajuaje kufanana kupi kwa viumbe ni undugu wa kweli?

Mchora Mti:
Habari wakuu. Nasoma baiolojia, nimepewa kazi ya kuchora mti wa ukoo wa papa, pomboo, popo, kiboko, mamba na ndege kwa kutumia maumbile yao tu. Kila nikianza nakwama. Papa na pomboo wana umbo moja, popo na ndege wote wana mabawa. Kitabu kinasema maumbile ni ushahidi wa asili moja, halafu kinaonya kwamba kufanana kunaweza kupotosha. Nishike lipi? Naomba njia ya kufikiri, sitaki majibu ya kukariri. Nawasilisha.

Fundi Mifupa:
Mkuu, usianze na kazi ya kiungo, anza na jinsi kilivyojengwa. Ndani ya pezi la pomboo kuna mfupa mmoja wa juu, miwili ya kigasha, vijifupa vya kifundo, kisha vidole. Mpangilio huohuo uko kwenye mkono wako. Pezi la papa halina mpangilio huo, limeshikiliwa na gegedu, ile tishu laini kuliko mfupa kama ya sikio lako. Tazama na mkia: wa papa hupiga kushoto na kulia, wa pomboo juu na chini, maana mababu zake walikuwa mamalia wa nchi kavu ambao mgongo wao ulikunjika hivyo wakikimbia.

Popo na ndege wanahitaji umakini zaidi, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukivitazama kama mikono, viungo vyao vina asili moja. Ukivitazama kama mabawa, hapana: popo ametandaza ngozi juu ya vidole virefu, ndege ana manyoya na vidole vilivyopungua na kuungana. Kwa hiyo jiulize kila mara, vina asili moja *kama nini*?

Bi Shina:
Mimea nayo ni hivyohivyo. Kiazi mviringo ni shina, ndiyo maana kina macho yanayochipua. Kiazi kitamu ni mzizi. Vyote ni ghala la wanga, ila havikutokana na kiungo kimoja.

Mchora Mti:
Asanteni sana, nimeanza kupata mwanga. Kiboko je? Naona anafaa kukaa karibu na nguruwe.

Fundi Mifupa:
Wataalamu wengi walimweka huko kwa muda mrefu. Ushahidi wa DNA wa miaka ya 1990 ukamsogeza kwa nyangumi na pomboo. Kwa maumbile ya wanyama walio hai ni vigumu kuliona hilo, kwa kuwa pomboo hana miguu ya nyuma ya kulinganisha. Mwaka 2001 vikatangazwa visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya nyangumi wa kale kutoka Pakistani vyenye mfupa wa kifundo cha mguu wa aina ileile ya wanyama wenye kwato shufwa (zinazogawanyika kwa mbili), kundi la kiboko. Mimi ningemchora na pomboo bila kusita.

Bi Shina:
Na mamba mweke na ndege. Wote wana moyo wa vyumba vinne, lakini usiegemee hapo peke yake, kwani mamalia pia wanao na waliupata kwa njia yao. Pima sifa nyingi kwa pamoja. Papa atoke kwanza, kisha tenga wenye nywele na maziwa, wanaobaki ni mamba na ndege.