Mjadala: Filamu za zamani kwenye klabu yetu zifasiriwe kwa Kiswahili papo hapo, au ziachwe zilivyo?

Mleta mada, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wote wa klabu: komite inakutana Jumapili baada ya misa, na swali ni moja. Filamu tunazoonyesha, awepo mtu wa kuzifasiri kwa Kiswahili huku zinaendelea, au tuziache na sauti yake, na maandishi ya Kifaransa yapite chini kama kawaida? Nimelileta hapa kwanza kwa sababu limeshaanza kutugawa, na sitaki liamuliwe na watu sita mezani.

Kwa ambao hawakuwepo, nieleze lililotokea. Jumamosi iliyopita tulionyesha Le Voleur de bicyclette, yaani Mwizi wa baiskeli, ya Mtaliano Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Ni Roma baada ya vita. Mtu amekaa muda mrefu bila kazi, anapata kibarua cha kubandika matangazo ukutani, ila sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mke wake anavua mashuka ya kitandani yakawekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza ya kazi, baba yuko juu ya ngazi, kijana anairukia baiskeli na kutokomea. Yaliyobaki ni baba na mtoto wake mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima wakiitafuta. Aliyecheza huyo baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana hata kwa jinsi anavyoshika vitu.

Kando yangu alikaa mama mmoja anayeuza unga pale Marché Mzee. Analipa franka 5,000 kila mwezi kama sisi wote, na hajawahi kuchelewesha. Yale maandishi yanakwenda mbio, hata aliyesoma anakimbizana nayo. Ilipofika mashuka yanavuliwa, akaninong'oneza: "Mwanangu, wanahama?" Nikamwambia hapana mama, wanakwenda kuyaweka rehani. Akanyamaza. Ikaja ile picha ya ghala: mfanyakazi anabeba furushi la mashuka yao, anapanda rafu, anapanda tena, na macho yetu yanamfuata juu, furushi juu ya furushi, mashuka ya nyumba za watu wengine wasiohesabika. Mama akaweka mkono kifuani. "Hawa wote?"

Kuanzia hapo nikamfasiria kila kitu kwa sauti ya chini. Mstari wa nyuma wakasema niongeze sauti. Mstari wa mbele wakasema ninyamaze. Baiskeli ilipoibwa, nusu ya ukumbi ikapiga kelele, "Banamwibia kinga!", yaani wamemwibia baiskeli, na ugomvi ukawaka. Taa zikawashwa. Filamu tuliimaliza, lakini watu wanne walikuwa wameshaondoka, na mmoja aliniambia mlangoni kwamba nimemharibia jioni.

Msimamo wangu ni kwamba tuwe na mfasiri. Awe na kipaza sauti, awe amejiandaa, na iwe kila Jumamosi. Najua Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini leo sizungumzii Katiba. Namzungumzia mwanachama aliyelipa sawasawa na sisi, anakaa saa moja na nusu mbele ya hadithi ambayo ni yake kabisa. Nani hapa Lubumbashi hajawaona watu wa makala, yaani makaa, wanaosukuma kinga kutoka porini tangu usiku, magunia yamepita urefu wa kichwa? Muulize mmoja wao akiibiwa itakuwaje. Ndiyo filamu hiyo. Halafu tumfungie mlango kwa sababu hasomi Kifaransa haraka?

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla hajashika kamera. Aligeukia filamu kwa kuwa watu aliowaandika hawakuweza kumsoma. Mwaka 1968 akatengeneza Mandabi kwa Kiwolofu, na hata hapo ilibidi apige matoleo mawili, moja kwa Kifaransa, ndiyo fedha zipatikane. Na sisi wenyewe: La vie est belle ya 1987, ambayo Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Mwanamuziki Papa Wemba yumo, mitaa ni ya Kinshasa, na watu wa mitaa hiyo wanazungumza Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Naipenda sana filamu hiyo. Lakini kila nikiitazama najiuliza ni nani Kinshasa anayebishana na jirani yake kwa lugha ile.

Wanaosema kufasiri ni kuchafua sanaa, wakumbuke kwamba Waitaliano wenyewe wamezoea kuzitazama filamu za kigeni zikisema Kiitaliano. Wafaransa nao vilevile, cowboy wa Texas anaongea kama mtu wa Paris. Kwa nini kwetu iwe aibu?

Semeni.

Mwalimu wa Kifaransa, Kampemba

Yaya, mkubwa wangu, mimi ni mmoja wa wale wanne. Nakuomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, na mama naye nitamwomba radhi uso kwa uso. Sikutoka kwa dharau.

Nilitoka kwa sababu filamu ina sauti, na sauti ni nusu yake. Yule baba anapoita jina la mtoto kando ya mto, akidhani aliyezama ni Bruno, koo lake linasema jambo ambalo wewe ukilisema kwa Kiswahili juu yake, mimi nakusikia wewe. Simsikii yeye tena. Na mfano wako wa Waitaliano na Wafaransa haukusaidii. Wao wanaweka waigizaji studioni, siku nyingi, midomo inafuatwa, muziki unabaki mahali pake. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayewasemea baba, mama, mtoto, mwizi na polisi, hicho ni kitu kingine.

Kisha kuna wanafunzi wangu. Nawaleta kumi na wawili kila Jumamosi, na baadhi yao wamejifunza kusoma haraka kwa ajili ya yale maandishi tu. Nyumbani hawana kitabu hata kimoja.

Kama shida ni lugha, tuchague filamu zisizotegemea maneno. Charlot, yaani Charlie Chaplin! Mwaka 1936, wakati Hollywood nzima imeshaanza kusema, Chaplin alitoa Les Temps modernes akakataa kuzungumza. Sauti za watu unazisikia kupitia mashine tu. Karibu na mwisho anatakiwa aimbe, maneno kayaandika kwenye ncha za mikono ya shati, ncha zinachomoka na kuruka, naye anaimba kwa lugha ambayo haipo duniani. Na kila mtu anaelewa wimbo unasema nini. Yule mama angeelewa. Mtoto wa miaka mitano angeelewa.

Mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, Katuba

Wanangu, nimezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wakati mji huu ukiitwa Élisabethville na kampuni ikiitwa Union Minière. Nina jambo moja la kuwaambia kuhusu hicho kipaza sauti.

Sisi tulitazama filamu nje, usiku, kwenye shuka. Wazungu walikuwa na majumba yao ya sinema mjini, sisi hatukuingia. Filamu ya kuonyeshwa Waafrika ilipitishwa kwanza na wakaguzi wa serikali, na ilipotufikia ilikuwa imekatwakatwa. Mtu anainua ngumi, picha inaruka, mwenzake yuko chini tayari. Ngumi yenyewe hatukuiona. Na kando ya mashine alisimama mtu wetu, mweusi kama sisi, na kipaza sauti, anatueleza kwa Kiswahili. Alikuwa hodari. Tulimpenda. Lakini alisema alichoambiwa aseme: huyu ni mvivu, mwoneni, huyu anakunywa pombe, mwoneni nyumba yake. Tulicheka aliposema tucheke. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mtu niliyemcheka pale kwenye shuka alikuwa ni mimi.

Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wa miaka ile walitazama cowboy hao hao, wakavaa kofia, wakajiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill, wakatunga na lugha yao, Hindoubill. Hakuna aliyewafasiria. Walichukua walichotaka wenyewe.

Sipingi Kiswahili. Mufwankolo, mwigizaji wetu, na kundi lake walitulisha kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni, na hakuna jambo la mji huu lililowashinda kusema. Mimi nauliza tu: huyo mwenye kipaza sauti, nani atajua akidanganya? Mama wa unga hatajua. Yeye ndiye atakayedanganywa wa kwanza.

Fundi wa projekta, Ruashi

Kwa upande wa vyombo, niseme ukweli. Kuna aliyependekeza tuonyeshe mara mbili, saa nane na mfasiri, saa kumi na mbili bila mfasiri. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, betri yetu inabeba saa mbili na nusu, tena kwa kubembeleza. Kuonyesha mara mbili kunahitaji jenereta, na jenereta ina kelele kuliko mfasiri yeyote. Maandishi ya chini ya Kiswahili naweza kuyatengeneza kwenye kompyuta, kazi ya wiki mbili kwa filamu moja, lakini asiyesoma bado hajasaidika.

Binti wa mama wa unga, Kamalondo

Mama amenituma niandike. Anasema hakukasirika na mwalimu. Anasema pia kwamba za Charlot amezitazama tangu utotoni na anazipenda, ila hataki apewe za Charlot tu kana kwamba ni mtoto. Filamu ya kinga ameisimulia sokoni kwa wenzake siku tatu mfululizo, na wawili wanataka kujiandikisha.

Mleta mada

Mzee wetu, shikamoo. Nimesoma maneno yako usiku, nikarudia asubuhi, na nakiri kwamba nilikuwa naandika kana kwamba kufasiri ni kumimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile. Hata mimi Jumamosi niliongeza. Baba alipompiga Bruno kofi njiani, nilimwambia mama "amechoka, si kosa lake". Hakuna aliyesema hivyo kwenye filamu. Nilimtetea yule baba kwa sababu nilitaka mama ampende, na huenda mama angemhukumu mwenyewe, na angekuwa na haki.

Bado nataka mfasiri. Lakini sasa nataka hivi. Asisimame kando ya mashine kama yule wa kambini. Akae katikati yetu, kwenye kiti kama vya wengine, apunguze sauti. Filamu itazamwe siku mbili kabla na watu watatu, mmoja awe anajua Kifaransa vizuri, wakubaliane kila sentensi. Afasiri kinachosemwa tu, asieleze mtu anawaza nini. Na kila mtu awe na ruhusa ya kumkatiza na kuuliza: amesema hivyo kweli? Kelele itakuwepo, ndiyo. Jumamosi ilikuwepo pia, na mama aliielewa filamu.

Kiswahili kiwe chetu. Wapo watakaotaka Kiswahili bora, nami nakiheshimu, ndicho ninachojitahidi kuandika hapa. Lakini ukumbi haukusema "wamemwibia baiskeli". Ulisema kinga. Neno lilitoka lenyewe vinywani mwa watu hamsini, na mfasiri hana haki ya kulisahihisha.

Mwalimu, kwako nakubali jambo moja bila masharti. Kuna mahali ambapo hakuna mtu wa kusema kitu. Ule mwisho: baba ameshindwa, anaona baiskeli imeegemezwa ukutani, anaiiba, anakamatwa, mtoto anaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama Bruno, anamwachilia baba yake. Wanatembea. Baba analia. Bruno anaingiza mkono wake kwenye mkono wa baba. Jumamosi nilinyamaza pale kwa sababu koo langu lilikataa, si kwa sababu nilipanga. Mahali kama hapo papigiwe alama kwenye karatasi ya mfasiri: kimya. Na muziki ubaki.

Wanafunzi wako wakae mbele, karibu na maandishi.

Mwalimu wa Kifaransa, Kampemba

Yaya, bado naamini tunapoteza kitu, na Jumapili nitalisema hivyo mbele ya komite.

Lakini hao watu watatu wa kuandaa, niwekeni mmoja wao. Na siku ya kuonyesha nitakaa nyuma ya mfasiri na karatasi mkononi. Akiongeza neno lake mwenyewe, nitamgusa begani.