Wauza vitu vya kale Uingereza wanatuuzia maiti za kompyuta kwa bei ya kompyuta nzima

Wakuu, heshima kwenu. Leo natema nyongo. Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la matangazo, siuzi kitu hapa, nalalamika.

Mlioko huku mnayajua yale majengo ya vitu vya kale. Kila mji mdogo unalo: wauzaji kibao chini ya paa moja, kila mtu na kabati lake la kioo, vikombe vya kaure, saa za ukutani, medali za vita. Siku hizi wameingiza na kompyuta. Wamesikia Apple-1, zile kompyuta za kwanza kabisa za kampuni ya Apple, zinapigwa mnada kwa mamia ya maelfu ya dola, basi kila mwenye boksi la plastiki lenye kibodi anajiona kaokota almasi. Jamani, Apple-1 zilitengenezwa kama 200 tu, 1976. ZX Spectrum, kompyuta za nyumbani za Uingereza za miaka ya 80, ziliuzwa zaidi ya milioni tano! Halafu nakuta Spectrum batani za mpira zimechakaa, bamba la juu limepinda, adapta haina, kikaratasi kimeandikwa ADIMU SANA, pauni 190. Mpya dukani mwaka 1982 ile yenye memori ya 48K ilikuwa pauni 175. Adimu kitu gani?

Bei ningeweza kumeza, soko huria. Kinachonichemsha ni kwamba hawa watu hawajui wanachouza na hawataki kuambiwa.

Mmoja alikuwa na BBC Micro, kompyuta iliyojaa mashuleni Uingereza miaka ya 80. Nikamwomba aiwashe. Ile mashine ikiwa nzima inalia mara mbili, mlio mzito mrefu halafu mwembamba mfupi, basi. Yake ikalia mlio mmoja mfululizo, haukati, dalili kwamba imekwama hata kabla ya kuanza kazi. Mzee anatabasamu: "Unasikia? Ina umeme kabisa." Nikamweleza kwamba kwenye pawa saplai ya hizo mashine kuna kapasita za Rifa (vipuri vidogo vya kuchuja umeme) ambazo ganda lake hupasuka kwa uzee, unyevu unaingia, ukizichomeka baada ya miaka zimelala zinalipuka na moshi unaonuka duka zima. Zibadilishe kwanza, ni vitu vya bei ndogo tu. Akaniangalia kama nataka kumshushia bei.

Kabati la jirani yake kuna Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani ya miaka hiyo, na transfoma yake ya asili. Muuzaji anajisifu kabisa kwamba ni ile ile iliyotoka kiwandani. Ndugu zangu, hiyo transfoma ndiyo muuaji! Imejazwa gundi ngumu ndani, huwezi kuitengeneza, na ikichoka badala ya kutoa volti 5 inatoa zaidi, chipu za memori zinaungua. Kila mteja anayeomba "niwashie nione" anaisogeza kaburini.

Sasa njoo kwenye langu. Nimenunua Amiga 500 Plus, nayo ni kompyuta ya zamani ya Commodore, kwenye moja ya majengo hayo, jina silitaji. Kikaratasi: "Inafanya kazi." Mnaoijua mnajua kwamba hii Plus, tofauti na 500 ya kawaida, ina betri ya kutunzia saa ya kompyuta, imechomelewa kwenye madabodi (ubao mkuu wa ndani), na hiyo betri ikizeeka inavuja na kula njia za shaba. Ndiyo maana nilikuja na bisibisi, nikaomba nifungue nichungulie dakika mbili tu. Hataki. Ati kufungua kunashusha thamani. Nikamuuliza umeijaribu? Akasema ndiyo, kikaratasi si unakiona. Nikalipa kwa neno lake.

Nyumbani nafungua, kona nzima ya ubao imegeuka kijani, soketi zimeoza, miguu ya chipu inakatika ukiigusa. Skrini nyeusi. Hii haijawaka mwaka huu wala mwaka jana.

Narudi, jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: "Kwani wewe si utaiweka tu kwenye shelfu ionekane?" Wakuu! Kwetu hata balbu, muuzaji anaichomeka uione inawaka kabla hujatoa hela. Huku kwenye nchi ya sheria mtu ananiuzia pambo na kuliita kompyuta, na anashangaa nikikasirika.

Nikamwambia sheria ya haki za walaji ya 2015 haibagui mtumba: bidhaa lazima ilingane na maelezo ya mfanyabiashara, na nina siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa yangu yote. Akaninyooshea kidole kwenye kibao ukutani, HATURUDISHI PESA. Kibao hakifuti sheria, mzee. Nikaenda kaunta kuu, wao wanasema wanakodisha makabati tu, nimalizane na mwenye kabati. Mwenye kabati anasema hela ilipokelewa kaunta. Wananipiga danadana.

Na msije kuniambia "nunua mtandaoni". Mtandaoni angalau unaweza kumwomba muuzaji picha ya ubao ukiwa wazi, na akikataa unapita. Hawa wanakataa ukiwa umesimama mbele yao na bisibisi mkononi.

Barua ya madai nimeshatuma, moja kwa mwenye kabati na nakala kwa jengo. Kama kuna mdau humu amewahi kuwafikisha wafanyabiashara wa aina hii kwenye madai madogo mahakamani, aniambie alimshtaki nani, mwenye kabati au mwenye jengo, na picha za ubao zilitosha au alihitaji barua ya fundi.