Spika za gari ndani ya maboksi ya gitaa: biashara hii iishe

NyuziSita, Mjini Unguja

Assalaam aleikum. Naomba uzi huu usomwe na kila anayeuza, anayekodisha au anayeunda maboksi ya spika za gitaa Unguja na Pemba, maana hasara imekuwa kubwa na hakuna anayesema.

Mpiga gitaa anafika dukani anataka boksi la amplifaya yake. Anaoneshwa boksi lililovishwa ngozi ya bandia nyeusi, pembe za chuma, kitambaa kizuri mbele, na nyuma kibandiko: WATI 1000. Akiuliza ni omu ngapi (kipimo cha upinzani wa spika kwa umeme), anajibiwa "hii inakwenda na mashine yoyote". Hakuna boksi linalokwenda na mashine yoyote! Ukisikia kauli hiyo, rudisha pesa zako mfukoni utoke.

Fungua skrubu za ubao wa nyuma. Unachokikuta ni besi mbili za gari, za 4 omu kila moja, chanya imeungwa na chanya, hasi na hasi. Jamani, 4 na 4 zikiungwa sambamba ni 2! Amplifaya nyingi za gitaa za transista zimeandikwa nyuma, pembeni mwa tundu la spika, kuwa zisishushwe chini ya 4 omu. Ukiipa 2, transista za kutolea sauti zinadaiwa mkondo maradufu ya ule zilizotengenezewa. Zinachemka. Ukipona, fyuzi imekatika. Usipopona, transista inapiga shoti, umeme wa DC, ule usiogeuka mkondo, unashuka moja kwa moja kwenye spika na koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, nayo inaungua. Mwenye mali akirudi anaambiwa umeme wa kisiwani ndio ulioua mashine yake. Si umeme. Ni nyinyi mlioiua siku mlipokaza zile waya.

Na hata isipoungua, haisikiki, na hapa ndipo watu wanapodhulumiwa bila kujua. Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati 1, mita 1 mbele yake unapata desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani. Spika ya gitaa ya inchi 12 iko kwenye 97 mpaka 100 hivi. Kwa spika za gitaa za Celestion, Greenback ni 98, Vintage 30 ni 100. Besi ya gari mara nyingi inacheza kati ya 85 na 90. Tofauti ya desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Maana yake amplifaya ya wati 50 kwenye spika ya desibeli 88 inatoa sauti ileile ambayo wati 5 zingetoa kwenye spika ya 98. Mtu anafungua mpaka mwisho, kinanda na ngoma bado zinamfunika, anarudi dukani, anauziwa amplifaya kubwa zaidi aende nayo kwenye boksi lilelile! Hiyo Greenback ya desibeli 98 ni ya wati 25 tu. Kibandiko cha wati 1000 hakikuambii spika inasikika vipi. Kinakwambia aliyekibandika alitaka bei gani.

Spika ya gitaa inajulikana kwa macho. Ilaze juu ya meza, uso juu. Koni ni karatasi, na ukingo wake ni mwembamba, umekunjwakunjwa kama mikunjo ya akodiani. Ibonyeze taratibu kwa vidole vilivyogawanyika sawa kuzunguka kile kifuniko cha katikati: inashuka milimita chache, inakataa, inarudi juu. Besi ya gari ina ukingo mnene wa mpira na inazama kama godoro, kwa sababu imetengenezwa kusukuma hewa nyingi ndani ya kiboksi kilichozibwa. Ukiwa bado unabonyeza, tega sikio. Ukisikia mkwaruzo kama kucha juu ya karatasi, koili inagusa sumaku. Usiinunue, hata wakikupunguzia.

Kosa la pili ni maboksi ya kutangazia watu (PA), yenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kuitwa "ya gitaa". Spika ya gitaa inaishia karibu hezi 5,000 (mitetemo kwa sekunde), na huko kuishia ndiko kunakoifanya distosheni, ile sauti ya gitaa ya kukwaruza, isikilizike. Ukiipitisha distosheni kwenye twita inayofika hezi 18,000, inatoka chaaa, kama samaki aliyetoswa kwenye mafuta ya moto, na hakuna kitufe cha kuitoa. Boksi lenye twita lina mtu wake: anayetumia kifaa cha dijitali ambacho tayari kinaiga spika ya gitaa ndani yake. Huyo ndiye muuzieni, tena mwambieni kwa nini.

Tatu, mbao. Mnaunda kwa MDF na chipubodi, mbao za unga na vipande vilivyogandishwa, katika visiwa vyenye unyevu huu! Masika yakishapita, chini ya boksi pamevimba, skrubu zimelegea, ubao wa mbele unatetemeka na kila noti ya besi inakuja na mlio wa bati. Tumieni plaiwudi ya milimita 18, isiyo na mapengo ndani ya tabaka zake, pande zote pamoja na ubao wa kubeba spika. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, khasa kwa wanaopiga mahoteli ya pwani, Nungwi na Paje, ambako upepo wa chumvi unakula jeki, ile plagi ya waya, ndani ya msimu mmoja. Jeki ikianza kukwaruza isafisheni kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme. Petroli hapana. Mafuta ya cherehani hapana.

Ninachodai ni kidogo: nyuma ya kila boksi andikeni omu, wati za kweli za spika iliyomo, na jina la spika. Mistari mitatu tu.

FundiLehemu, Wete

Waalaykumu salaam. Uzi umekuja kwa wakati wake. Niongeze kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukifanya dukani, na asiyekubali kipimwe anaficha kitu.

Chukua mita ya kawaida, iweke kwenye omu. Chomeka waya wa spika kwenye boksi, upande wa pili usiuchomeke popote. Gusa ncha ya jeki kwa pini moja na shina lake kwa nyengine. Boksi la 8 omu litasoma kati ya 6 na 7. La 16 litasoma 11 mpaka 14. La 4 litasoma 3 na kidogo. Mita husoma chini kuliko kilichoandikwa kwa sababu inapima uzi wa koili ukiwa umetulia, na sauti inapopita upinzani hupanda. Ukisoma 1.7 ujue ni ile 2 omu anayoilalamikia mwenzetu. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au koili imeungua.

Halafu betri ya kijiti ya volti 1.5. Gusisha kwa sekunde moja, chanya kwenye ncha ya jeki, na utazame koni zote. Zote zinatakiwa zitoke nje pamoja. Moja ikitoka na nyengine ikiingia, zimeungwa kinyume, zinafutana, na sauti nzito yote imepotea. Maboksi ya spika mbili yanafika Pemba yakiwa hivyo, watu wanasema "spika hazina besi", kumbe ni waya mbili tu za kugeuza.

Nyuzi Sita, nina ombi. Umeeleza hatari ya omu kuwa chache kwa transista, vizuri. Omu zikizidi, transista haidhuriki: ya wati 100 kwa 4 omu itatoa kama 50 au 60 kwa 8, na sikio halitaona tofauti kubwa. Lakini mwenye amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyotumika badala ya transista, asiichukue hiyo ikawa ndiyo kanuni yake. Valvu inataka omu zilezile zilizochaguliwa kwenye swichi ya nyuma, na haiwashwi ikapigwa bila spika hata dakika moja. Nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea sauti, volti zinapanda, cheche zinaruka kwenye soketi za valvu, na transfoma ikishapasuka ndani kuipata nyengine huku kwetu ni kuagiza ng'ambo.

DukaLaMuziki

Ndugu zangu, msitutie wote kapu moja. Mteja wa kwanza kuuliza wati ni mpiga gitaa mwenyewe. Tukileta spika ya wati 25 anatucheka na kwenda duka la pili. Spika asili ni ghali, usafiri ghali, na mteja anataka boksi kubwa kwa bei ndogo.

NyuziSita

Ami, mteja akikosea kuuliza, wewe mwenye duka ndiye wa kumsahihisha. Bei ndogo inapatikana bila kudanganya. Boksi la spika moja ya inchi 12, ya 8 omu, wati 60 mpaka 80, linatosha taarabu, dansi na bendi za hoteli. Kwenye jukwaa kubwa kama Ngome Kongwe, hadhira haisikii boksi lako, inasikia muziki wa mbele, yaani spika kubwa zinazoielekea. Maikrofoni moja ya Shure SM57 karibu na kitambaa, ikilenga kati ya kifuniko na ukingo wa koni, ndiyo inayofanya kazi. Celestion Seventy 80 si spika ya anasa, ni wati 80 na desibeli 98. Uza boksi moja la hilo badala ya besi mbili za gari na pembe za chuma.

Na kwa wati: chagueni spika inayobeba mara moja na nusu mpaka mbili ya amplifaya, khasa ya valvu, kwa sababu ikisukumwa mpaka kwenye distosheni inatoa zaidi ya ilivyoandikwa. Wati 30, spika ya 60.

Fundi Lehemu, shukrani. La valvu nililipita haraka, limekaa sawa sasa.

BesiTaratibu, Chake Chake

Hapo pa boksi moja nakubali, lakini semeni pia la mgongo. Lililo wazi nyuma linatawanya sauti, mpiga ngoma na mwimbaji wanakusikia, na gitaa safi la taarabu linapata hewa. Ila liwe na kama nusu mita kutoka ukutani. Nje, uwanjani, ambapo nyuma hapana ukuta wa kurudisha sauti, uzito wake unapotea, na lililozibwa linapiga mbele kwa nguvu zaidi. Mafundi wanaliziba kwa hadibodi nyembamba inayotetemeka. Ubao wa nyuma uwe na unene uleule wa pembeni.

Jengine: acheni kukaza spika kwa drili mpaka mwisho. Kazeni kwa mkono, kwa msalaba (skrubu moja, kisha inayoielekea), kidogokidogo. Fremu ikipinda, koili inakwaruza, na spika mpya inakufa ikiwa na wiki.

Chwaka88

Wakuu, nina boksi la 8 omu na la 16, spika moja moja. Amplifaya ya transista, mwisho wake 4 omu. Naweza kuyaunga yote mawili?

FundiLehemu, Wete

Unaweza, kaka. Sambamba yatakuwa 5.3 omu, juu ya 4, mashine iko salama. Ila la 8 litakula theluthi mbili ya nguvu na la 16 theluthi moja, kwa hiyo angalia spika ya la 8 inabeba kiasi hicho. Mashine ikiwa wati 100, ihesabie kama 67 kwenye la 8. Na usiunganishe kwa waya wa gitaa. Ule una uzi mwembamba kama unywele katikati, unapata moto na unaweza kupiga shoti. Nunua waya wa spika wa nyuzi mbili, 1.5 mm² kwa mita mbili tatu, 2.5 ukizidi hapo, ulehemu jeki mwenyewe, chanya kwenye ncha. Ukimaliza pima kwa mita kabla ya kuwasha: yote mawili pamoja isome 4 na kitu.