Wapenzi wa jazi, mko na albamu gani masikioni wiki hii? Tupeane uzoefu

Sindano_Butu
Wakuu habari zenu. Jana usiku nimerudia Waltz for Debby ya mpiga piano Bill Evans, usingizi ukapaa. Mnajua ile ilirekodiwa laivu pale klabu ya Village Vanguard, New York, 25 Juni 1961, yaani unasikia glasi zinagongana, watu wanapiga soga, mtu anacheka katikati ya solo ya besi, halafu siku 11 baadaye yule wa besi, Scott LaFaro, akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Kila nikisikia kile kicheko namkasirikia mtu nisiyemjua. Haya semeni mnasikiliza nini, ila tafadhali msilete zile orodha za albamu kumi bora, leteni stori.

Kidole_Shaba
Kind of Blue ya Miles Davis. Kila siku. Sina maelezo.

Babu_Swingi
Kind of Blue tena!! Haya tuambie una toleo gani, maana matoleo ya zamani upande wa kwanza ulikosewa spidi ya tepu, muziki unatoka juu kidogo kuliko walivyopiga, walikuja kurekebisha miaka ya 1990

Kidole_Shaba
Sasa mzee nisikilize muziki au nipime spidi?

Babu_Swingi
Vyote.

NotiYaMwisho
Mimi nimekulia kwenye ile iliyokosewa, hii iliyorekebishwa naiona imepoa. Nihukumuni.

Dada_Tromboni
Mimi niko na Uhuru Afrika ya Randy Weston, ya 1960. Mara ya kwanza kuisikia niliiweka tu iende huku nafanya mambo yangu, naijua kama jazi ya Marekani ya bendi kubwa, mara nasikia mwanaume anaongea Kiswahili! Nikatoka kwenda kuangalia nani kawasha redio. Kumbe ni albamu yenyewe, shairi la Langston Hughes, anayelisoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Nilirudisha nyuma pale mara nyingi mpaka majirani nadhani wamelikariri. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku ile albamu, ndo ujue ilikuwa inauma.

NotiYaMwisho
Ukimaliza hiyo nenda Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971. Bendi nzima wamejipa majina ya Kiswahili, Eddie Henderson wa tarumbeta anaitwa Mganga na kweli alikuwa daktari kwa kusomea.

Babu_Swingi
Mwandishi ni kelele za umeme. Herbie wa kweli ni wa Maiden Voyage, baada ya pale alipotea.

Dada_Tromboni
Babu kwako kila kitu baada ya 1965 ni kelele, tumekuzoea

Funguo88
Nilikuwa nasoma tu kimyakimya ila huyu aliyeanza na Bill Evans kanigusa pabaya. Mzee wangu alikuwa mpiga piano, si mwenye jina, anapiga hotelini wikiendi na kanisani Jumapili. Ile Köln Concert ya Keith Jarrett kwake ilikuwa shule. Kisa chake katusimulia tangu tuko wadogo, kwamba Januari 1975 pale jumba la opera la Köln, Ujerumani, piano iliyowekwa siyo iliyoombwa, ni ndogo, sauti za juu zinalia bati, za chini hazina nguvu, pedali mbovu, Jarrett mgongo unamsumbua na anataka kuondoka, binti aliyeandaa onyesho, Vera Brandes, miaka 18 tu, akambembeleza abaki. Akapanda jukwaani kama saa tano na nusu usiku, na kwa vile chini hakutoki kitu mkono wa kushoto ukawa unang'ang'ania mdundo mmoja, unarudia, unarudia. Mzee akifika hapo anasimamisha santuri anatuambia sikieni huo mkono wa kushoto, wa kulia unasifiwa bure.

Basi mwaka jana kapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wote. Akiwa bado wodini, kaanza kutamka maneno mawili matatu, mimi na akili yangu nikaona nimpelekee hedifoni nimwekee Köln. Akafumba macho, nikaona vidole vya kulia vinatembea juu ya shuka, nikamshika dada yangu nikamwambia ona, ona, anapiga! Tukafurahi kama wajinga. Mara ule mkono wa kulia ukaanza kuutafuta wa kushoto, akaubeba kama kitu cha mtu mwingine, akauweka juu ya shuka, akavipanga vidole kimoja kimoja, vile unavyompanga mtoto siku ya kwanza kwenye piano. Akasubiri. Hakuna. Kasema neno, mimi nikasikia "zidisha", nikaongeza sauti. Kumbe kasema zima. Akaing'oa ile hedifoni kwa mkono mzima akaitupa, akageukia ukutani, na sijawahi kumwona baba yangu analia isipokuwa siku ile.

Sasa yuko nyumbani, anatembea kidogo, muziki hakuna anayethubutu kuweka. Na kuna jambo hajui: Jarrett mwenyewe alipigwa na kiharusi mara mbili 2018, mkono wake wa kushoto nao ulipooza. Nimwambie au nisimwambie?

Sindano_Butu
Dah.

Kidole_Shaba
Pole sana mkuu. Nimeshindwa kuendelea na kazi hapa.

Dada_Tromboni
Pole kaka yangu. Mwambie. Atajua hayuko peke yake.

Babu_Swingi
Usithubutu! Mtu amepoteza mkono unataka umpokonye na Jarrett? Muache abaki na yule wa 1975.

NotiYaMwisho
Muulize kwanza fiziotherapia wake, msikurupuke. Halafu kuna muziki wa piano wa mkono mmoja, Ravel alimwandikia konseto mpiga piano Paul Wittgenstein aliyepoteza mkono vitani, mzee anaweza kujaribu

Kidole_Shaba
Ile ni ya mkono wa KUSHOTO wewe. Wittgenstein alipoteza wa kulia. Unamletea mzee wa watu konseto ya mkono asiokuwa nao??

NotiYaMwisho
Nilikuwa natoa wazo tu, mbona unapiga kelele

Dada_Tromboni
Nyie wawili nendeni nje. Funguo, mwekee jazi isiyo na piano kabisa. Sonny Rollins pale Village Vanguard, 1957, saksafoni, besi na dramu basi. Hakuna kitu cha kumkumbusha.

Babu_Swingi
Way Out West ya huyohuyo Rollins ni bora kuliko hiyo. Mwaka uleule, nayo haina piano, na imerekodiwa safi.

Dada_Tromboni
Safi mno. Ya Vanguard ina jasho.

Sindano_Butu
Mnabishana wakati mwenzenu ana mgonjwa

MsikilizajiTu
Samahani nimechelewa, ule wimbo wa Take Five ni wa Brubeck au wa Desmond?

Babu_Swingi
Aliitunga Paul Desmond. Soma juu kwanza ndo uulize.

Funguo88
Nashukuruni wote, hata mlionichekesha. Kuhusu Jarrett bado nimenyamaza. Ila jana nimejaribu ya dada hapo, Rollins wa Vanguard, nikaiweka sebuleni sauti ndogo, mimi nikajifanya natafuta chaja. Mzee kimya nyimbo mbili nzima. Ya tatu nikasikia anasema, kwa taabu lakini wazi kabisa: "Huyo wa dramu anakimbia."

Kidole_Shaba
Anakimbia nani? ELVIN JONES?

Babu_Swingi
Hahahaha mzee karudi huyo

Kidole_Shaba
Mwambie namheshimu na namuombea, ila Elvin hakimbii. Anautawanya mdundo, wewe ndo unayeukimbiza.

Funguo88
Nimemsomea. Kasema uje umwambie mwenyewe, na uje na saa ya ukutani muhesabu wote.

NotiYaMwisho
Na mimi nije?

Kidole_Shaba
Wewe baki na Ravel wako.