Tuliotoka utawani tukaingia siasani: tupeane uzoefu

Ndugu na dada zangu, niliishi katika shirika la masista kwa miaka kumi na tisa, sehemu kubwa yake nikifundisha Mukuru, Nairobi, na mwaka 2021 niliomba kufunguliwa nadhiri zangu za daima ili niwanie uwakilishi wa wadi katika uchaguzi wa mwaka uliofuata. Njia ya mkato haipo, kwa kuwa kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawakataza makleri, yaani maaskofu, mapadri na mashemasi, kushika nyadhifa za umma zinazohusu mamlaka ya kiserikali, na kanuni ya 672 inawaingiza watawa katika katazo hilo hilo, awe sista awe bruda.

Shirika langu ni la haki ya kipapa, yaani liko chini ya Papa moja kwa moja, hivyo ruhusa ya kuondoka ilitoka Roma. Wa mashirika ya kijimbo, yaani yaliyo chini ya Askofu wa jimbo, wanaweza kupewa na Askofu. Barua ilipofika, Mama Mkuu aliniita sebuleni, akanisomea polepole, kisha akaniuliza kama ninaipokea, maana hata dakika ile mtawa anaweza kuikataa na nadhiri zake zikabaki kama zilivyokuwa. Nje, mwenye mkokoteni wa maji alikuwa akigombana na bawabu juu ya bei ya mtungi, nami nikajikuta nausikiliza ugomvi ule kuliko swali. Nilipojibu kwamba naipokea, alinikabidhi bahasha yenye shilingi elfu sitini na kunikumbusha, bila ubaya wowote, kwamba anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya. Ndivyo isemavyo kanuni ya 702, ingawa inalitaka shirika nalo litende kwa haki na upendo. Fedha hizo zililipa kodi ya miezi mitatu huko Pipeline, kitanda na jiko la gesi; kampeni nikaianza mikono mitupu. Wenzangu mlianzaje?

Bruda wa zamani, Kariobangi

Mama, mimi nilisimama kama mgombea huru, na Katiba inadai mgombea wa aina hiyo aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi anayoiwania. Nilidhani ningezipata sahihi hizo Jumapili moja tu baada ya Misa, kumbe nusu ya wanajumuiya walioniahidi walikuwa wamesajiliwa mashambani kwao. Ilinichukua wiki tano.

Lililoniuma zaidi ni maneno ya bibi mmoja niliyemjua tangu nilipokuwa mnovisi, bado katika malezi kabla ya nadhiri. Aliniambia, "Bruda, zamani ulikuwa ukija na unga, leo unakuja na karatasi." Hakuwa na kinyongo, alikuwa akisema alichokiona. Unga ule ulikuwa wa wafadhili, stoo ilikuwa ya shirika, na mimi nilikuwa mshika funguo tu, lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini kwamba watu wa mtaa wananipenda mimi. Anayefikiria kuondoka ajiulize kwanza ni wangapi watakaomfungulia mlango siku atakapokuja bila funguo.

Mlei, Umoja

Sikuwahi kuwa mtawa, ila nilimfanyia kampeni aliyekuwa padri, nasi tulikuwa tukibishana sana kuhusu waliotangulia. Arlene Violet, wa Masista wa Huruma, jina ambalo Nairobi tunalijua kwa Hospitali ya Mater, aliacha shirika mwaka 1984 akachaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Rhode Island, mwanamke wa kwanza Marekani kuchaguliwa katika cheo hicho, kisha akashindwa mwaka 1986. Padri Robert Drinan, Mjesuiti, aliketi katika Bunge la Marekani kwa miaka kumi, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipoamuru mwaka 1980 asigombee tena, alitii akabaki padri. Rafiki yangu alimsifu Violet. Mimi, niseme kweli, humheshimu zaidi Drinan, ingawa sijui kama wapiga kura wake walinufaika na utii huo.

Sista, nadhiri za muda

Mama, je, nikiomba ruhusa ya kuishi nje ya shirika kwa miaka mitatu, ninaweza kugombea kisha nikarudi?

Mwanzilishi wa mada

Hapana, dada yangu. Ruhusa hiyo hutolewa kwa mwenye nadhiri za daima, na hata yeye huendelea kuwa mtawa chini ya wakubwa wake, kwa hiyo katazo linabaki palepale. Wewe njia yako ni nyepesi kuliko yangu: muda wa nadhiri zako ukiisha, uko huru kuondoka bila barua ya Roma. Wakati unasubiri, angalia umesajiliwa kupiga kura wapi, maana sisi huhamishwa hamishwa. Mimi nilikuwa bado kwenye daftari la mji nilikofanyia unovisi, na nilipokumbuka kuhamisha, muda ulikuwa umepita. Nilipata kura 412, na yangu haikuwemo.