R yangu inafunguka na mabaki ya jana: niandike nini kwenye ikoni?

Binti_Kadutu (Bukavu)
Jambo ndugu zangu. Naandika kazi ya kumaliza masomo juu ya bei za sambaza, wale samaki wadogo, hapa Bukavu. Tangu mwezi wa pili napita sokoni Kadutu na Nyawera asubuhi, naandika bei kwenye daftari, jioni naziingiza kwenye R, programu ya takwimu. Natumia Rgui, lile dirisha linalokuja na R yenyewe kwenye Windows, maana kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 tu.

Juzi nilimtumia profesa anayeniongoza skripti (faili lenye amri zangu za R) pamoja na faili za bei. Akanijibu kwamba kwake inasimama mstari wa 12: *objet 'bei2' introuvable*, yaani bei2 haionekani. Kwangu inapita hadi mwisho! Nilitafuta kutwa nzima. Kumbe mstari uliokuwa unatengeneza bei2 niliufuta zamani, ila R yangu bado inaijua, kwa sababu kila nikifunga inaniuliza kama nataka kuhifadhi, nami nabonyeza Oui (ndiyo). Sasa nina hofu: wastani niliokwisha kuandika katika sura ya tatu umetoka kwenye bei zipi?

Nimeambiwa kuna maneno ya kuongeza kwenye ikoni ili R ifunguke tupu. Nilijaribu --no-restore, Windows ikakataa. Tena kioo changu ni kidogo, na mchoro ukifunguka unafunika mahali ninapoandikia. Mnisaidie.

Yaya_Nguba (Bukavu)
Pole mdogo wangu. Ukibonyeza Oui, R inaweka kila kitu katika faili linaloitwa .RData, ndani ya folda unayofanyia kazi, na kesho yake inalisoma kabla hujaandika hata herufi moja. Andika getwd() ujue folda ni ipi, kisha ls() uone mabaki yenyewe.

Windows imekukatalia, nadhani, kwa sababu uliandika ndani ya alama za kunukuu. Jina "Program Files" lina nafasi katikati, ndiyo maana njia yote imefungwa kwa alama hizo. Maneno yako yanakaa nje. Bonyeza ikoni kwa kitufe cha kulia, ingia Propriétés (Properties), na mahali pa Cible (Target) iwe hivi (namba ya toleo weka ya kwako):

`"C:\Program Files\R\R-4.3.1\bin\x64\Rgui.exe" --no-restore --no-save --sdi`

La kwanza linazuia mabaki yasirudishwe, la pili linaifanya R ifunge bila kuhifadhi wala kukuuliza. Hilo --sdi ni la kioo chako: kila dirisha linasimama peke yake, mchoro unausogeza pembeni. R ikifunguka andika commandArgs(), itakuonyesha maneno iliyofunguliwa nayo kweli.

Fundi_Birere (Goma)
Aongeze na --max-mem-size=4G, RAM yake ni ndogo. Ila --no-save mimi siikubali. Huku kwetu umeme ukikatika na betri imechoka, kazi ya siku nzima imekwenda.

Mwalimu_Takwimu (Lubumbashi)
Ndugu Fundi, --max-mem-size haifanyi kazi tena tangu R 4.2.0 ya mwaka 2022. R ya Windows sasa inachukua kumbukumbu kadiri mfumo unavyoweza kuipa.

Na kuhusu umeme, tafadhali fikiria tena. Lile swali la kuhifadhi linakuja wakati wa kufunga. Umeme ukikatika hakuna aliyeifunga R, kwa hiyo Oui yako haikupata nafasi ya kubonyezwa. Nimeona wanafunzi wakilia kwa jambo hili. Kinachokuokoa ni skripti iliyo kwenye faili, ukibonyeza Ctrl+S kila baada ya mistari michache, na saveRDS(), inayoweka matokeo kwenye faili, kwa hesabu iliyokula muda mrefu.

Binti, kabla ya kumrudishia profesa, fungua mara moja kwa --vanilla. Hiyo hairudishi, haihifadhi, na tena haisomi .Rprofile wala .Renviron, mafaili ya mipangilio yako, kwa hiyo inakaribia kuwa kompyuta ya mtu mwingine. Kwa kila siku siipendekezi, kama umeweka mipangilio yako humo utaikosa.

Fundi_Birere (Goma)
Nimeelewa, mwalimu. Miaka yote nilidhani .RData inajiandika yenyewe.

Dada_Ruashi (Lubumbashi)
Binti, ukitaka ujumbe wa makosa uje kwa Kiingereza, andika LANGUAGE=en mwishoni mwa Cible. Mimi hivyo napata majibu mengi zaidi nikitafuta kosa kwenye intaneti.

Binti_Kadutu (Bukavu)
Nimerudi. Ni alama za kunukuu kweli, niliandika ndani yake. Nikafungua kwa --vanilla, ikasimama mstari wa 12, nikaurudisha ule mstari wa bei2 niliokuwa nimeufuta. Ikasimama tena mstari wa 31: kiwango cha kubadilisha faranga kuwa dola. Hicho nilikiandika kwa mkono ndani ya R siku moja mwezi wa pili, hakikuwamo kwenye skripti hata kidogo, na bei zote za miezi iliyofuata nimezigawa kwa kiwango hicho kimoja. Majedwali mawili ya sura ya tatu si sahihi.

Nimeanza kuweka kiwango cha kila wiki kwenye faili lake, na .RData ya zamani nimeifuta. Profesa nimemwandikia nikamweleza yote, ameniongezea wiki moja. Aksanti sana yaya, aksanti mwalimu.

Yaya_Nguba (Bukavu)
Viwango vya nyuma ukikosa baadhi, niambie. Mimi naandika vya kila Jumatatu pale Nyawera.