Mjadala: Wakulima wa pembezoni mwa Dar waruhusiwe kuwinda nguruwe pori kwa uta na mshale?

Mleta mada, Mvuti

Wakuu, habari za jioni. Huku Mvuti, Chanika na Msongola kuna jambo linalozungumzwa kila muhogo unapokomaa, na kila mara linaishia kwa watu kufokeana. Naomba tulijadili kwa hoja. Mkulima anayepakana na msitu, akifundishwa na kupimwa, apewe kibali cha kuwinda nguruwe pori shambani kwake kwa uta wa asili na mshale usio na sumu? Mimi nasema apewe. Nasema pia kibali kiishie kwa nguruwe pori. Swala, paa na funo wasiguswe, na sababu nitazitoa.

Kwa ndugu zangu wa mjini: nguruwe pori siyo ngiri. Ngiri mnamwona mchana mbugani, anakimbia mkia umesimama wima. Nguruwe pori hutoka usiku, kwa kundi, na dume lililokomaa linaweza kuvuka kilo 100. Pua yake ni jembe. Hang'oi muhogo mmoja akashiba akaenda zake. Anafukua tuta, anatafuna nusu, anahamia tuta la pili. Mama aliyetegemea ekari yake imfikishe masika anaamka anakuta mashimo. Chui ndiye aliyekuwa akiwapunguza, na huku kwetu chui tumeshamsahau.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kinachofanyika. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Ukikutwa na nyama yao bila kibali, hizo ni nyara za serikali, na kifungo kinaweza kuwa miaka 20 hadi 30. Adhabu hiyo haijamaliza uwindaji, imeusukuma gizani. Watu wanatega waya wa breki za baiskeli kwenye njia za wanyama. Wengine wanatia sumu kwenye mahindi. Waya hauchagui: unamkaba nguruwe, unamkaba paa, unamkaba mbwa wa jirani, na aliyenaswa anaweza kuhangaika siku mbili kabla hajafa. Sumu ndiyo mbaya zaidi, maana inaua na anayekula mzoga. Kwa hiyo tunapojadili uta, tusijidai kwamba upande wa pili wa mizani hakuna kitu. Kuna waya na sumu.

Wengine watasema mkulima aombe bunduki. Angalieni mashamba yetu yalivyo: ekari mbili, nyumba tatu, njia ya wanafunzi, ekari nyingine, kanisa. Risasi ya raifo ikimkosa mnyama inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 kabla haijaanguka. Mshale wa uta wa asili unatakiwa kupigwa ukiwa mita 15 au 20 tu kutoka kwa mnyama, na mkulima wetu tayari ana mahali pa kupigia: dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa shambani. Lile lile dungu analolala akilinda mazao. Ukipiga kutoka juu, mshale unaelekea chini, na ukikosa unachoma udongo wa shamba lako mwenyewe. Harufu yako nayo inapita juu kidogo ya pua ya nguruwe, mnyama ambaye haoni vizuri ila kwa kunusa hana mchezo.

Mshale hauui kama risasi. Risasi hupasua na kutikisa mwili, mshale hukata. Kigumba, yaani kichwa cha mshale, chenye makali kama kisu kikipita kwenye mapafu yote mawili, damu inatoka kwa wingi, mnyama anakimbia hatua kadhaa na kuanguka, mara nyingi ndani ya dakika moja. Kikipita tumboni, ni mateso ya saa nyingi. Ndiyo maana natia neno "kupimwa" mbele ya neno "kibali". Uta uwe na mvuto wa kutosha, tuseme ratili 45, yaani kilo 20 hivi. Kigumba kiwe cha chuma kilichonolewa. Mtu apige shabaha ya ukubwa wa sahani, kutoka kwenye dungu, mbele ya afisa wanyamapori wa wilaya, na asiyefikisha aende akafanye mazoezi. Mnyama apigwe akiwa amesimama ubavu tu, na asiyeonekana vizuri asipigwe kabisa.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Kijana wa Sinza

Mkuu, nakuunga mkono, ila naona unaogopa. Kwa nini nguruwe tu? Marekani watu wanawinda nguruwe na kulungu kwa uta, uta wa mbao usio na magurudumu wala darubini, na uhifadhi wao haujafa. Jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa uta tangu 1934. Tena kule ukinunua vifaa vya uta unalipa kodi ya asilimia 11 inayorudi kwenye wanyamapori. Sisi tuna Wahadzabe pale Ziwa Eyasi, wanawinda kwa uta kwa ruhusa ya serikali. Kama Mhadzabe anaruhusiwa na Mmarekani anaruhusiwa, Mzaramo wa Kisarawe kakosa nini? Ruhusuni swala pia, wekeni ada, halmashauri ipate mapato.

Binti Pugu

Kaka wa Sinza, umeitaja Marekani nusu. Nguruwe wa porini wa Marekani si wa kule. Wahispania ndio waliowapeleka, karne ya 16, wakatoroka, leo ni zaidi ya milioni 6 na serikali yao inawahesabu kama wavamizi. Nguruwe pori wetu ni mwenyeji wa misitu hii kabla ya babu zetu. Anafukua udongo, anasambaza mbegu. Mnyama wa kupunguzwa na mnyama wa kufutwa ni mambo mawili. Na mbona hukuitaja Uingereza? Wao walikataza kupiga kulungu kwa mshale mwaka 1963, na mwaka 1981 wakakataza uta kwa wanyamapori wote. Ufaransa ikaruhusu mwaka 1995. Dunia haijakubaliana, tusiletewe mfano mmoja kana kwamba ndio sheria ya mbinguni.

Kuhusu Wahadzabe, wale ni watu elfu moja na kidogo ambao pori ndilo ghala lao. Mtoto anashika uta akiwa hajafika shule. Na mishale yao ya wanyama wakubwa ina sumu ya mmea, ndiyo inayomaliza kazi hata pale kigumba kilipoingia vibaya. Mleta mada anataka mshale usio na sumu mikononi mwa mtu aliyejifunza uta ukubwani. Hapo hakuna ulinganisho.

Hofu yangu kubwa ni hii. Mimi nakaa karibu na Pugu Kazimzumbwi. Msitu ule umekatwa mkaa, umevamiwa, umebaki kipande, na ndani yake bado kuna paa na funo. Ukimpa mtu kibali cha nguruwe shambani, nani atakuwa naye saa nane usiku kujua mshale wake umeingia msituni au haukuingia? Bunduki tunaisikia ikilia. Uta hausikiki. Huo ukimya mnaousifu ndio ninaouogopa.

Mganga wa mifugo, Ukonga

Nachangia kwa upande wa magonjwa tu, maana naona hamjaligusa. Nguruwe pori na ngiri wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua. Nguruwe wa kufugwa akiupata, banda zima linakufa ndani ya siku chache, na hakuna dawa. Ngiri anaubeba pamoja na papasi wanaokaa kwenye mashimo yake. Binadamu haumwi, ila anausambaza kwa nyama, kwa visu, kwa viatu, kwa masalia anayolishia nguruwe wake.

Sasa fikirini jiji hili na kitimoto chake. Huku pembezoni wakulima wengi ni Waislamu, hawali nguruwe. Nyama ya aliyeuawa Mvuti itakwenda wapi? Itapanda bodaboda usiku kwenda kuchanganywa na nyama ya jikoni Ukonga au Kinyerezi, nje ya utaratibu wa mabucha ya nyamapori uliowekwa na kanuni za 2020. Na mfugaji mdogo mwenye majike matano Pugu Kajiungeni ndiye atakayelia. Mimi sipingi uta. Napinga mzoga kutoka shambani.

Mzee wa Kisarawe

Wanangu, salamu. Niseme nilichokiona. Wazee wetu walimwinda nguruwe kwa msako: nyavu, mbwa, mikuki, watu ishirini na kelele. Uta ulikuwa wa wachache wenye kipaji, na wenyewe walijulikana kwa majina. Kijana wa leo akivuta upote, ile kamba ya uta, mara tatu mkono unatetemeka. Mkimpa uta bila kumfundisha mwaka mzima, mtajaza pori nguruwe wenye mishale mgongoni, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa mtu wa kwanza atakayekutana naye alfajiri akienda kisimani.

Halafu chimbeni mitaro na jengeni boma la miti kuzunguka muhogo. Kazi ngumu, lakini tulifanya.

Mleta mada, Mvuti

Shikamoo mzee wangu. Boma nalikubali, na mwenye ekari moja alijenge. Mwenye ekari nne atakata miti mingapi, tena wapi, kama si kwenye msitu ule ule dada yetu wa Pugu anaoulilia? Kuhusu mwaka mzima wa mafunzo, naona ni sawa kabisa. Sitaki kibali kitolewe kwa wiki mbili za semina.

Kijana wa Sinza, sababu ya kuwaacha swala na paa hii hapa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa uta wa asili unasafiri kama mita 50. Mnyama akiwa mita 20, mlio wa upote unamfikia ndani ya sehemu sita za mia za sekunde, mshale unamfikia baada ya sehemu nne za kumi. Katikati hapo kuna theluthi ya sekunde, na swala anaitumia: anainama ili aruke, mapafu yanashuka, mshale uliolengwa vizuri unaingia mgongoni au unapita juu. Hilo haliponi kwa mazoezi, maana kosa si la mpigaji. Paa wetu wa pwani ndiyo kabisa, ana kilo 5 hivi, mapafu yake hayajai kiganja. Nguruwe naye anashtuka, lakini akiwa amezamisha pua kwenye tuta, mita 12 kutoka kwenye dungu, ni mwili mkubwa na uwezekano wa kumkosa ni mdogo. Mnyama ambaye siwezi kumuua haraka sina haki ya kumpiga, hata kama halmashauri inapata ada. Hapo sitarudi nyuma.

Daktari, mzoga unabaki. Uzikwe kina cha kutosha ndani ya shamba, visu na viatu vioshwe kwa dawa, anayefuga nguruwe asiwe mwindaji. Wapo watakaosema ni kutupa nyama, na linauma kweli katika nchi yenye watoto wanaokula ugali mkavu. Lakini siku tukiruhusu nyama itoke, nguruwe atakuwa biashara, na mtu atapiga nguruwe ambaye hakugusa shamba la mtu.

Dada wa Pugu, hoja yako ya ukimya ndiyo nzito kuliko zote na sina jibu la kuimaliza. Ninachoweza kupendekeza: mishale yote ichomwe namba ya mwenye kibali kwenye mti wa kila mshale, idadi iandikwe serikali ya mtaa, na mshale uliopotea utolewe taarifa kesho yake asubuhi. Mshale wenye namba ukiokotwa ndani ya hifadhi, kibali kimekwisha, cha mtu huyo na cha mtaa wake wote kwa msimu huo. Majirani watalindana. Na tochi isiwepo; mbalamwezi au alfajiri, basi.

Binti Pugu

Kumfuta jirani kibali kwa kosa la mwenzake si haki, ila naelewa unachotafuta. Bado nasema hapana, mpaka jambo moja liingie. Umesema mwenyewe kwamba sababu ya uta ni kuondoa waya. Basi uta usije juu ya waya. Mtaa unaotaka vibali uanze kwa kung'oa mitego yake yote, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na afisa wanyamapori wakague msitu unaopakana nao, na warudi kukagua katikati ya msimu. Wakikuta waya, uta unarudishwa. Mkishindwa kung'oa waya ambao mnajua umetegwa wapi na nani, mtaniambiaje mtaulinda mshale?

Mleta mada, Mvuti

Hilo nalichukua kama lilivyo, na naliweka kuwa sharti la kwanza, kabla hata ya kipimo cha shabaha. Jumapili tuna kikao cha mtaa. Nitalisoma hapo, na nitaomba wanaotega wasilazimishwe kujitaja; walete waya tu, wauweke chini ya mwembe wa ofisi, tujue zimetoka ngapi. Wa Zingiziwa na Buyuni, kwenu hili linatekelezeka?